Nilimwambia Mama Amesahau Kaburi la Baba

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na saba, ninaishi Bunia, na kazi yangu ni kupima ardhi. Huku kwetu mtu kama mimi anaitwa géomètre. Nina mashine inayoweza kulenga kona ya ukuta ulio ng'ambo ya bonde na kuniambia umbali wake bila kukosea unene wa kidole. Lakini yaliyokuwa yakitendeka ndani ya nyumba yangu mwenyewe sikuyaona! Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi machozi yakaisha.

Siandiki ili mnihurumie. Huruma nimeipata ya kutosha, hasa ile ya watu wanaokuja kukupa pole huku macho yao yanazunguka chumbani kutafuta habari ya kupeleka sokoni. Naandika kwa sababu nyumba yangu imekuwa kimya mno... na kwa sababu kuna mama mmoja mzee niliyemnyang'anya kitu ambacho siwezi kumrudishia. Mama huyo ndiye aliyenizaa.

Niiteni Aimerance. Nilizaliwa pembeni ya mji, upande wa barabara inayokwenda Mongbwalu, katika mtaa unaoteremka kutoka barabarani hadi kwenye korongo. Kiwanja chetu, parselle kama tunavyosema huku, kilikuwa cha mwisho kabisa, kule chini. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Alikufa kwa ugonjwa katika siku zile mbaya za vita, wakati hata ubao wa jeneza haukupatikana. Mama na jirani mmoja walimfunga ndani ya bache ya bluu, yaani turubai, wakaikaza kwa mipira ya baiskeli iliyokuwa imebaki kwenye kibanda chake, wakamzika papo hapo kiwanjani, upande wa juu, karibu na ua. Kulipokucha tulikimbia.

Tulikaa ugenini miaka mingi. Amani iliporudi kidogo na watu wakaanza kurejea, mtaa ulikuwa umegeuka nyasi tupu. Nyumba zilikuwa zimechomwa, nyua zimekatwa kuni, hata misalaba ya makaburi ilikuwa imekwenda chini ya sufuria za watu. Mama alipanga chumba kimoja karibu na soko, naye akabaki na ombi moja tu maishani: apate tena kiwanja chake, ajenge kibanda, na siku yake ikifika alazwe kando ya mume wake. Hakuomba kingine. Hakuomba hata wajukuu, maana alijua tumbo langu lilikuwa limekataa.

Mimi nilikuwa nimeolewa na Patient. Jina lake maana yake ni mvumilivu, na kweli, kwa kunidanganya alivumilia sana! Naye pia alikuwa géomètre. Tulifanya kazi wawili: mimi nyuma ya mashine, yeye mbele akishika fimbo yenye prisma, kile kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine. Kutwa nzima tulikuwa tunaangaliana kwa mbali kupitia lenzi. Nilimpenda zaidi katika saa zile, akiwa mdogo ndani ya lenzi, kofia imeinama, ananingoja nimwambie asogee wapi. Nilifikiri mtu unayemtazama hivyo kila siku huwezi kukosa kumjua...

Nilikuwa na rafiki pia. Solange. Tuliimba pamoja kwaya, yeye sauti ya kwanza mimi ya pili, na wanangu nisiowazaa alikuwa akiwaombea kwa jina, majina aliyoyabuni mwenyewe. Kaka yake alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu za Mongbwalu ambaye kila mtu alimwita Patron. Patron huyo alikuwa ameshaanza kujenga ghala kubwa la matofali katika mtaa wetu uleule, kwenye kiwanja cha kwanza kilicho barabarani. Alijenga kabla ya mtu yeyote kupimiwa. Nani angemzuia? Wenyewe walikuwa bado ugenini.

Basi kamati ya watu waliorejea ikatuomba, mimi na Patient, tuwatafutie viwanja vyao. Nililia kwa furaha. Kati ya viwanja vile kimoja kilikuwa cha mama yangu! Nani anapata bahati ya kumpimia mama yake mahali pa kulala?

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana msiba wangu umo humo humo. Kupima viwanja hakuanzi na viwanja. Kunaanza na mawe. Unapanda mawe ya saruji yenye msumari wa chuma katikati, tunayaita borne, mahali pagumu ambapo hapasogei. Kisha unajua kila jiwe lilipo hasa, na kila kitu kingine unakipima kwa kuyategemea hayo. Jiwe likidanganya, mtaa mzima unadanganya. Yale ya zamani yaliyowekwa na Wazungu yalikuwa yameng'olewa yote, kwa sababu watu wetu wanaamini kwamba Mbelgiji alificha zebaki nyekundu chini yake. Wamechimba wee, hakuna aliyepata hata kijiko.

Tulipanda borne nne. Mbili kule juu, kandokando ya barabara. Ya tatu uwanjani mwa shule. Ya nne kwenye kilima cha kanisa. Tulikodi vipokezi vya satelaiti, tukaviweka juu ya kila jiwe kwa saa nyingi, vikasikiliza angani. Tukarudi siku nyingine, saa nyingine, tukarudia yote, kwa sababu satelaiti zinatembea na kosa la asubuhi linaweza kuonekana jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kilimani kulinda kipokezi. Unakaa peke yako kutwa, huruhusiwi kukigusa, huna la kufanya isipokuwa kutazama mji chini, mabati na vumbi jekundu na mikaratusi. Upweke ule nilikuwa naupenda. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Hesabu zikatoka safi. Nikachukua ile station totale, mashine yangu ya miguu mitatu, nikazunguka kutoka jiwe hadi jiwe hadi nikarudi nilipoanzia, na mzunguko ukafunga. Tukauunganisha na mpango wa zamani wa viwanja kwa kutumia msingi wa kanisa uliokuwa umepona. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilimkumbatia Patient mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Hesabu ile ilionyesha jambo lingine pia. Ukuta wa nyuma wa ghala la Patron ulikuwa umevuka mita nne na kuingia kiwanja cha mwenzake. Nilimwambia Patient, "Huyu atabomoa." Akainama kukunja miguu ya mashine. Nilidhani anamhurumia Solange.

Baada ya hapo niliitwa kupima shamba moja kule Kilo. Nilikaa huko juma zima. Patient alibaki Bunia kuandaa vigingi. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja barabarani, vumbi la safari likiwa bado kichwani, nikaona saruji mpya imezunguka borne zote mbili za juu.

Nilimuuliza mume wangu. Akasema lori la mchanga lilikuwa limepita karibu mno, likabomoa ukingo, naye akapiga saruji kuyalinda mawe yenyewe yasiguswe. Jibu zuri. Lakini mimi si mjinga, nilikwenda kumuuliza Solange, ambaye alikuwa akishinda pale ghalani kwa kaka yake. Sikumweleza yale aliyoyasema Patient. Solange akajibu kabla sijamaliza swali:

"Ile camion ya mchanga! Miye mwenyewe niliiona, ma chérie. Kidogo tu ingepiga mawe yenu. Patient alifanya kazi siku yote mu jua."

Maneno yao yalikaa sawasawa kama mfuniko na sufuria yake. Nikaridhika. Kwani ushahidi ni nini kama si watu wawili kusema jambo moja?

Siku ya kupiga vigingi nilisimamisha mashine juu ya borne ya kwanza, nikalenga ya pili. Umbali kati yake ulikuwa uleule, haujapungua wala kuzidi. Sheria ya kazi yetu inasema usiridhike na mawe mawili. Lenga na la tatu! Mawili yanaweza kuwa yamehama pamoja, kama waongo waliopatana. Nalijua hilo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuliruka.

Siku ile niliruka. Kule shuleni walikuwa wametundika bache kubwa kwa ajili ya sherehe, jiwe la tatu halikuonekana. Mvua ilikuwa inakuja upande wa kanisa. Vipokezi tulivyokodi vilikuwa vimerudishwa. Na Patient akaniambia, akinifuta jasho puani kwa kidole chake, "Miye niliisha kukontrole na satelaiti mbele ya kuvirudisha. Iko sawa. Ao hauniamini bwana yako?"

Ningejibu nini? Ndugu zangu wanawake, nyinyi mngejibu nini?

Tukapima. Kutoka barabarani tukateremka, kiwanja baada ya kiwanja, kigingi baada ya kigingi. Watu walifurahi. Kila mtu alipata ukubwa wake uleule wa kwenye mpango, basi nani angelalamika? Hakuna aliyekuwa na ua wala mti wa kumkumbusha. Ghala la Patron nalo, ajabu, likatokea limo ndani ya mpaka wake. Patient alisema tulikosea hesabu mwanzoni kwa sababu ukuta ulikuwa haujapigwa lipu. Na mimi, yule mimi mwenye maneno mengi, nikaandika tu.

Tukafika chini, kwa mama.

Mama alikuwa amevaa kikwembe chake cha Jumapili. Alisimama kwenye nyasi, juu kidogo ya pale nilipopiga kigingi, akaonyesha chini kwa kidole.

"Mutoto wangu," akasema, "baba yako iko fasi hii. Njo hapa nilimulalisha."

Nikatazama. Pale alipoonyesha, pale aliposema ndipo alipomlaza baba, palikuwa nje ya mpaka. Palikuwa ndani ya kiwanja cha jirani wa juu, Papa Safari, mwashi mmoja mpole ambaye naye alikuwa amesimama pale na vigingi vyake mkononi. Nikarudia kipimo. Jibu lile lile. Nikaanza kuona aibu mbele ya watu, géomètre ambaye mama yake anadai ardhi ya jirani! Nikamwambia, na nasikia sauti yangu mpaka leo, tamu, ya kitaalamu, ya mtu anayesema na mtoto:

"Mama, miaka ni mingi. Umesahau. Mashine haisahau."

Mama alinitazama. Akatazama nyasi. Kidole chake kikashuka polepole. Wakati ule Patient alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, ameshika fimbo ya prisma, na alisikia kila neno. Nakumbuka nilimgeukia anisaidie. Alikuwa anatazama prisma.

"Kama weye njo unasema," mama akasema, "basi ni miye niliisha kuzeeka. Juu weye njo ulisoma."

Tukachagua mahali pengine, ndani ya vigingi. Nilimjengea baba kaburi la saruji, nikaandika jina lake kwa msumari kabla saruji haijakauka. Mama akapanda maua. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda, akapiga magoti, akamsimulia mume wake habari za juma. Mara nyingine nilikwenda naye. Nilisimama pembeni nimejivuna, mtoto aliyemrudishia mama yake kila kitu.

Muda haukupita sana Patient akaniambia amepata kazi ya kupima machimbo huko Mongbwalu. Alifunga mfuko, akanibusu, akapanda pikipiki, akaondoka. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Kisha mara moja moja. Kisha ikawa ni mimi ninayepiga. Nilimuuliza Solange, maana na yeye alikuwa huko kwa kaka yake, akasema Patient ni mzima, ni mtandao tu unaosumbua kule machimboni. Patient naye, nilipompata, akasema ni mtandao. Unaona? Tena wakapatana! Nikala peke yangu, nikalala peke yangu, nikasema ni mtandao.

Sasa sikilizeni. Mtu anayejenga kwetu huanza na choo. Papa Safari alianza kuchimba shimo la choo chake, kwenye kona ya chini ya kiwanja alichopimiwa na mimi. Alipofika kina cha kiuno, sululu ikavuta kitu. Kipande cha bache. Bluu. Na kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Yule mzee alitoka shimoni, akavua kofia, akafunika shimo kwa mabati yake mapya, kisha akatembea kwa miguu hadi sokoni kumtafuta mama. Hakutuma mtu, hakupiga kelele, angeweza kunitukana lakini hakufanya hivyo. Mama aliniambia nije. Nilipofika nilimkuta amekaa chini kando ya shimo la choo, miguu ameinyoosha, ameshika kile kipande cha mpira. Hakuwa analia. Mimi nilianguka pale pale, nikapiga mayowe hadi watoto wakatoka shuleni kutazama.

Nilitaka kufa, wasomaji. Niseme nini kingine? Nilikuwa nimempimia baba yangu choo!

Nilipoweza kusimama nilichukua mashine, nikaenda kilimani kwenye jiwe la nne, nikalenga la tatu, kisha nikalenga yale mawili ya barabarani. Sikuhitaji kupiga hesabu mara mbili. Yote mawili yalikuwa yamehama mita nne kuelekea korongoni, kwa pamoja, kwa ustadi, na umbali kati yake umetunzwa. Hiyo si kazi ya lori. Hiyo ni kazi ya géomètre.

Nikampigia Patient. Safari hii alipokea. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kwa nini, na nadhani utulivu wangu ulimtisha kuliko matusi, kwa sababu alisema yote. Solange alikuwa na mimba yake. Kaka yake aliwafumania, akampa Patient mambo mawili achague: asogeze mawe ghala lipone, naye atapewa Solange na kazi machimboni, au akatae, aaibishwe kanisani na kupelekwa kwa wazee. Alichagua.

"Ni mita nne tu, chérie," akasema. "Kila mutu alipata parselle yake yote. Nilifikiri hakuna mutu atapoteza kitu."

"Na siku mama alionyesha kaburi kwa kidole?" nikamuuliza. "Weye ulikuwa pale. Ulikuwa umeshika prisma."

Mtandao ukakatika, au yeye akaukata, sijui. Mpaka leo ni jibu hilo tu nililo nalo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Changu kilikuwa kimeshika prisma na kinaniuliza kama simwamini! Na majuto ni mjukuu, walisema pia. Mimi sina mtoto, lakini mjukuu huyo nimempata, ananililia mlangoni kila asubuhi.

Nilikwenda kwa Patron. Alinikaribisha kiti, akanipa hata soda. Akaniambia kwa upole kwamba hajui habari za mawe, yeye ni mtu wa dhahabu. Kisha akacheka. "Madame, sahihi iko mu plan, si ya weye?" Ilikuwa yangu.

Mtaa nao ukageuka. Wale wale waliokuwa wananiimbia nilipopiga vigingi wakasema nimekula na Patron. Mume alisogeza mawe na mke hakujua, nani ataamini? Ningekuwa wao, nami nisingeamini. Kwenye kwaya nafasi yangu ikakaliwa na msichana mwingine, hakuna aliyenifukuza, nilikuta tu mahali pamejaa. Nilipoomba mtu wa kunishikia prisma nipime upya, hakupatikana hata mmoja. Niliuliza wanafunzi wa zamani, majirani, hata wale wanaobeba mizigo sokoni. Kila mmoja alikuwa na shughuli.

Nikapima peke yangu.

Sijui kama mnaelewa maana yake. Kazi hii ni ya watu wawili. Nilisimika fimbo ya prisma kwa vijiti viwili vya kuiegemeza, nikapanda mteremko hadi kwenye mashine, nikalenga, nikaandika. Nikateremka, nikaihamisha fimbo. Nikapanda. Upepo ukiiangusha nilianza upya. Kila kona ya kila kiwanja cha mtaa ule niliitembelea hivyo, na kila jiwe nililitegemea baada ya kulipima kutoka kwa mengine matatu, hata kama ilinipasa kungoja bache iondoke au mvua iishe. Watu walikaa mbele ya vibanda vyao wakinitazama. Na mimi, nikiinama kwenye lenzi, niliona fimbo imesimama peke yake kwenye nyasi. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kofia. Ndipo nilipolia, siku ile, kuliko hata siku ya shimo.

Kamati ilileta géomètre kutoka mji mwingine akakagua kazi yangu. Akasema iko sawa. Vigingi vikahamishwa. Kesi ya ghala bado iko mahakamani na sina uhakika kama ukuta ule utaanguka nikiwa hai. Papa Safari alifukia shimo lake kwa mikono yake, akakataa kulipwa, akatusaidia kumzika baba upya pale pale mama alipoonyesha tangu mwanzo. Lile kaburi tupu nililolijengea saruji nikalivunja kwa nyundo.

Baada ya mazishi nilipiga magoti mbele ya mama. Nilimwambia nilidanganywa, nikamweleza mawe, satelaiti, lori, Solange, kila kitu. Nilitaka anipige. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini.

"Juu ya parselle sina hasira. Bwana yako alikudanganya, hiyo ni yake na Mungu. Lakini miye nilijua, mutoto wangu. Nilijua muzuri. Na weye ukaniambia sijui, na miye nikakubali. Sasa nitajua kitu gani tena?"

Nilifikiri ni uchungu wa siku ile, ungepita. Haukupita. Mama ana kibanda chake sasa, kiko kiwanjani kwake, amekipata alichokitaka. Lakini mwanamke yule aliyetutoa vitani kwa kufuata njia za porini anazozijua kichwani, leo anafunua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kuniuliza kama ametia chumvi. Ananiuliza kama leo ni Jumapili, wakati kengele inalia. Anaanza kusimulia hadithi ya utoto wangu, anafika katikati, ananitazama kwa woga na kusema, "Ao ilikuwa namna ingine?" Si ugonjwa, daktari alimpima. Anajua kila kitu bado. Hajiamini tu. Mpaka wa kiwanja niliurudisha mahali pake. Hili nitalirudisha kwa mashine gani?

Ndugu zangu, dada zangu, nawasihi. Usijenge maisha yako juu ya jiwe ambalo hujalipima kutoka upande mwingine, hata kama jiwe hilo linakuita chérie na kukufuta jasho. Watu wawili wakikubaliana mno, tafuta wa tatu. Ukiulizwa kama huamini, jibu kwamba unaamini, kisha pima! Anayekupenda atangoja bache iondolewe.

Na jambo kubwa zaidi. Mzee wako akikuonyesha mahali kwa kidole, na elimu yako ikasema vingine, usimwambie amesahau. Kaa chini naye. Muulize mara ya pili. Kama mmoja wenu lazima akosee mbele ya watu, basi uwe wewe, kwa sababu wewe bado una miaka ya kujisahihisha.

Jumapili hii nitakwenda tena. Tutasimama mbele ya kaburi lenye jina la baba, nitamshika mkono, naye ataniuliza kwa sauti ndogo kama kweli ni hapa. Nitamwambia, "Ni hapa, mama. Njo hapa ulimulalisha." Ataitikia kwa kichwa. Kisha ataniuliza tena.